Kompyuta ni yako, lakini mnyapara ni wa nani?

JUMAPILI moja mwezi uliopita, kesi ilizuka nyumbani kwangu. Data za simu nilizonunua Jumamosi jioni zilikuwa zimekwisha kabla hata ya chai ya asubuhi, na hakuna aliyekuwa tayari kukiri kwamba ndiye aliyezitafuna. Kifungua mimba alimnyoshea kidole mdogo wake, mdogo akaapa kwa jina la nyanya yake kwamba alilala saa tatu, nami nikawakalisha wote wawili sebuleni kama hakimu.

Aliyewaokoa ni mpwa wangu, mwanafunzi wa uhandisi katika chuo kikuu kimoja hapa jijini, ambaye huja kula nasi kila mwisho wa mwezi mfuko wake unapotoboka. Aliitwaa simu yangu, akabonyeza hapa na pale, kisha akaangua kicheko.

"Shangazi, mwizi huyu hapa," akasema.

Programu chungu nzima zilikuwa zimejisasisha zenyewe usiku wa manane tulipokuwa tukikoroma. Ruhusa nilikuwa nimeitoa mimi mwenyewe siku niliyoiwasha simu hiyo kwa mara ya kwanza, nilipokuwa nikikubali kila kilichoulizwa bila kusoma.

Kwa aibu nikajitetea kwamba hiyo ndiyo shida ya vitu vinavyofungwa na makampuni makubwa. Heri yeye na Linux yake anayoisifu kila akija, mfumo wa bure ambao kila mtu anaweza kuufungua akaona yaliyomo. Kijana akanitazama kwa huruma.

"Lakini hata simu yako ni Linux, Shangazi."

Kunradhi msomaji ikiwa wewe ulilijua hilo. Mimi sikulijua, na lilinikaa rohoni hata nikaanza kuuliza maswali. Ikiwa kitu ni huria na kila mtu anaruhusiwa kukisoma, yawaje mwenyewe niwe mgeni ndani yake?

Kila kompyuta, iwe ya mezani, ya mapajani au ya mfukoni, huwa na mfumo wa uendeshaji. Hii ni ile programu kubwa inayozitawala nyingine zote, inayogawa kumbukumbu, kusoma diski, na kuamua nani aandike kwenye kioo na nani asubiri. Windows ni mmojawapo. Linux ni mwingine, ila maandishi yake yote, yaani maagizo waliyoyaandika waundaji wake, yamewekwa hadharani. Ruhusa ya kuyasoma, kuyabadilisha na kumgawia jirani imo ndani ya leseni yake.

Wazo hilo lilizaliwa na hasira. Mnamo 1983 Mmarekani Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo ulio huru. Miongoni mwa mambo yaliyokuwa yamemuudhi ni printa iliyokuwa ikikwama ofisini, ambayo hakuweza kuirekebisha kwa sababu aliyekuwa na maandishi ya programu yake alikataa kumpa.

Miaka minane baadaye, Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaunda kiini cha mfumo kama jambo la kujifurahisha tu. Toleo lake la kwanza lilikuwa na mistari ipatayo 10,000. Mwanafunzi mwenye bidii angeweza kuisoma yote katika likizo moja. Leo kiini hicho kina zaidi ya mistari milioni 30. Mingi ni ya kuendesha vifaa ambavyo wewe na mimi hatutaviona maishani, lakini ukubwa ni ukubwa: hakuna binadamu mmoja awezaye kuikalia akaimaliza.

Wanaokumbuka Peugeot 504 wataelewa upesi. Fundi wa Kirinyaga Road alifungua boneti, akasikiliza mlio, akaomba spana, na gari likaondoka. Mpelekee leo gari lililotoka Japani juzi. Fundi yuleyule hulichomeka kwanza kwenye mashine ya kusoma hitilafu, na mashine isiposema kitu, naye hukaa kimya. Gari jipya ni bora, sitaki kudanganya. Halinywi mafuta kama lile na asubuhi ya baridi huwaka mara moja. Lakini ujuzi wa fundi umehamishiwa mahali ambapo mikono yake haifiki.

Mnyapara wa kwanza

Ukitaka kuona jinsi ujuzi huo ulivyohama katika Linux, tazama kinachotokea kompyuta inapowashwa. Kiini kikishaamka, humwamsha mnyapara mmoja, programu nambari 1, na yeye ndiye huwaamsha wafanyakazi wengine wote: wa saa, wa mtandao, wa printa, wa kukuuliza jina na nywila.

Zamani mnyapara huyo alifuata desturi iliyorithiwa kutoka kwa mfumo mkongwe wa Unix. Alisoma folda ya maagizo yaliyopangwa kwa nambari, moja baada ya jingine, kama mwalimu wa zamu anayeita majina asubuhi. Maagizo yenyewe yalikuwa maandishi ya kawaida. Ungeweza kuyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia, ukaona mstari wa kumwamsha mtu wa printa, ukaufuta au kuusogeza chini, kisha ukawasha upya uone matokeo. Ukiharibu, unarudisha. Vijana wengi waliojifunza kompyuta kwa Slackware na Debian, zilizoanza zote mwaka 1993, walijifunza kwa kuharibu namna hiyo.

Ubaya wake ni kwamba mambo yalikwenda mwendo wa kobe. Wa printa akichelewa, wote walio nyuma yake wanangoja. Isitoshe, mnyapara wa kale aliita majina mara moja tu. Kompyuta inayofunguliwa na kufungwa mara ishirini kwa siku, inayohama kutoka mtandao wa nyumbani hadi wa chuo, inayochomekwa flashi bila hodi, ilimshinda. Na mfanyakazi akifa katikati ya kazi, aghalabu mnyapara hakuwa na habari.

Aprili 2010, Lennart Poettering, mhandisi Mjerumani wa kampuni ya Red Hat, alitangaza mnyapara mpya aliyemuunda pamoja na mwenzake Kay Sievers. Jina lake ni systemd. Huyu huwaamsha wafanyakazi wengi kwa pamoja, anajua nani anamtegemea nani, na anayezirai humwinua. Fedora ilimchukua mwaka 2011, na kufikia Aprili 2015 Debian na Ubuntu nazo zilikuwa zimempa kazi.

Lakini mnyapara mpya hakutosheka na kupiga kengele. Alichukua daftari la matukio. Akachukua usajili wa wanaoingia. Akachukua kazi ya kuvipa majina vifaa vya mtandao, ya kusawazisha saa, ya kutafuta anwani za intaneti. Kila kazi ilikuwa na sababu yake, na kadhaa kati yake zinaweza kuzimwa na anayejua. Ila anayejua ndiye nani?

Daftari ndilo lililowachoma wengi. Awali matukio ya kompyuta yaliandikwa kwa maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari, kiasi kwamba hata mashine ikifa ungeichomoa diski, ukaipeleka kwa jirani na kusoma kilichoiua kwa programu yoyote uliyoikuta huko. Mnyapara mpya huyaandika kwa umbo ambalo mashine hulielewa haraka, lakini jicho la binadamu haliambulii kitu. Sharti uiombe programu maalumu ikusomee.

Faida zipo. Ukitaka kujua yaliyotokea kati ya saa nane na saa tisa usiku katika huduma moja tu, unapata jibu papo hapo. Mpwa wangu alinionyesha na sikuona la kulalamikia. Hata hivyo nawaelewa wale wazee. Ni kama duka la mtaani ambalo zamani deni liliandikwa kwa kalamu katika daftari la mistari, na mteja akibisha anafunuliwa ukurasa. Sasa limo ndani ya mashine, na siku mashine ikigoma, mwenye duka na mdaiwa wote wanabaki wakitazamana.

Ugomvi ulifika kilele katika Debian, mradi unaoendeshwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wenye katiba na kura kama chama cha ushirika. Februari 2014 kamati yake ya kiufundi ya watu wanane iligawanyika nne kwa nne, na mwenyekiti, Bdale Garbee, akaamua kwa kura yake kwamba systemd ndiye awe mnyapara wa kawaida. Novemba mwaka huo wanachama wote walipiga kura nyingine, na waliotaka programu zisifungwe kwa mnyapara mmoja wakashindwa. Baadhi ya watu wa siku nyingi walijiuzulu. Poettering naye alieleza hadharani chuki na vitisho alivyokuwa akipokea, jambo la aibu kwa watu wanaohubiri uhuru.

Kundi jingine lilichukua maandishi yote ya Debian, kama leseni inavyoruhusu, likagura na kuanzisha Devuan, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Mei 2017 bila systemd. (Jaribu wewe kugura na nusu ya Windows mkononi uone!)

Nusu sekunde

Kama mambo yangeishia hapo ningesema ni vita vya mafundi, vinatuhusu nini. Lakini Machi 2024 lilitokea jambo ambalo lilinifanya niivute kalamu.

Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulikia hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya kazi yake kwenye toleo la majaribio la Debian. Akagundua kwamba kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kwa kutumia programu iitwayo OpenSSH, kulichelewa kwa takriban nusu sekunde na kulikuwa kukila nguvu za mashine bila sababu. Wengi wetu tungesema ni mtandao tu. Yeye alichimba.

Alichokifukua alikitangaza tarehe 29 mwezi huo. Ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili ili yachukue nafasi kidogo, mtu alikuwa ameficha mlango wa nyuma. Mwenye ufunguo wake wa siri angeweza kuingia katika mashine ya mwenzake na kuiamuru apendavyo. Mtu huyo alijiita Jia Tan. Alianza kuichangia xz tangu 2021, kwa adabu na bidii, huku majina mengine yasiyojulikana yakimsukuma mtunzaji wake akubali msaidizi. Mtunzaji huyo, raia mmoja wa Ufini, alikuwa akiifanya kazi hiyo bila malipo katika muda wake wa ziada. Akakubali. Jia Tan ni nani hasa, hadi leo haijathibitishwa hadharani.

Sasa tazama njia aliyopitia. OpenSSH ni mlinzi wa lango, na wanaoiandika hawakuwa na haja yoyote na xz. Lakini Debian na Fedora walikuwa wameiongezea OpenSSH kipande kidogo ili mlinzi amwarifu mnyapara systemd kwamba ameshaamka. Kipande hicho kilivuta maktaba ya systemd. Maktaba hiyo nayo ilivuta xz, kwa sababu lile daftari la matukio huweza kubanwa ili lisijaze diski. Kwa hivyo mlinzi wa lango akajikuta analala chumba kimoja na mgeni ambaye hakuwahi kutambulishwa kwake.

Ajabu ni kwamba msururu huo wote ulikuwa hadharani. Yeyote angeweza kuusoma. Kilichositiriwa ni sumu yenyewe: ilijificha katika mafaili ya majaribio, na agizo la kuiamsha likawekwa ndani ya furushi la kupakua, wala halikuwemo katika maandishi ambayo wenzake walikuwa wakiyakagua kila siku.

Matoleo hayo mabaya, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yamefika katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini hayakuwa yamewafikia walio wengi. Yangewafikia, si ajabu ningekuwa naandika makala tofauti kabisa leo. Seva nyingi za intaneti huendeshwa kwa Linux, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 katika orodha ya TOP500 ya zilizo na nguvu zaidi duniani huitumia.

Kuna wanaosema systemd ndiye wa kulaumiwa. Siwaungi mkono. Mwizi aliyevumilia zaidi ya miaka miwili angetafuta dirisha jingine. Na Freund aliweza kuchimba hadi chini kwa sababu maandishi yalikuwa wazi. Katika mfumo uliofungwa angeandika malalamiko kwa kampuni na kungoja jibu. Lakini Devuan na Slackware, zisizo na mnyapara huyo, hazikuwa kwenye njia ya mwizi, na hilo siwezi kulipuuza. Tena Julai 2024 waandishi wa OpenSSH walitoa toleo ambalo humwarifu mnyapara lenyewe, kwa mistari michache, bila kuvuta maktaba ya mtu. Kumbe iliwezekana!

Utu na Ubuntu

Mimi si fundi. Sina nia ya kuhariri maagizo ya mnyapara kila asubuhi kabla watoto hawajaenda shule. Kufichiwa mambo nataka, mradi nijue ufunguo uko wapi.

Ndiyo maana nilivutiwa na hadithi ya Ubuntu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake ya Canonical ilituma sidii za bure kwa posta kwa walioziomba kutoka nchi mbalimbali. Ubuntu ilificha mengi, na iliyaficha kwa busara. Akaunti yenye mamlaka yote ilifungwa, lakini mwenye kompyuta alipewa neno moja, sudo. Akiliandika na kutoa nywila yake, mlango hufunguka kwa kazi aliyoitaja, basi. Mtoto akicheza haharibu nyumba, na mzazi akitaka kuhamisha ukuta haombi ruhusa kwa mtu.

Hata hapo pameingia dosari. Katika toleo la Aprili 2020, aliyeagiza kivinjari cha Chromium kwa amri ileile ya siku zote aliletewa kifurushi cha aina nyingine kiitwacho Snap. Vifurushi hivyo huchungulia masasisho mara nne kwa siku, na kwa miaka mingi mtumiaji aliweza kuyaahirisha tu. Nafasi ya kuyazuia bila kikomo ilikuja mwishoni mwa 2022. Ghala la vifurushi huendeshwa na Canonical, na programu ya seva ya ghala hilo si huria.

Canonical wana hoja yao: kivinjari kilichozeeka ni hatari, na wengi wetu hatusasishi hata tukisukumwa. Ni kweli, nami ni shahidi. Ila anayenunua data kidogo kidogo hulipia uamuzi wa mwingine kutoka mfukoni mwake. Wenzao wa Linux Mint, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu, walikataa. Katika toleo lao la Juni 2020 waliizuia Snap isijiingize yenyewe, wakaacha na maelezo ya namna ya kuirudisha kwa anayeitaka. Huo ndio ustaarabu ninaousifu.

Na simu yangu je? Android ina kiini cha Linux, na sehemu kubwa ya maandishi yake ni huria. Hata hivyo neno kama sudo halimo. Mwenye simu akitaka mamlaka yote, sharti afungue kufuli ya kuwashia, ikiwa aliyeiunda simu ameruhusu, na akishafungua huenda baadhi ya programu za benki zikamkataa. Sababu za usalama zipo, tena za maana, maana simu huibwa na watoto hupakua kila takataka. Lakini mlango huo, ulivyotengenezwa, kitasa chake hakiko upande wangu.

Nilichoweza ni kuzima kule kujisasisha kwa kutumia data. Ilinichukua dakika nyingi, na mpwa wangu alikataa kunisaidia, ati nijifunze.

Mwisho wa mwezi uliofuata alikuja na kompyuta yake kuukuu, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Nilimwomba anionyeshe wafanyakazi wote walioamshwa na mnyapara wake asubuhi hiyo. Akaandika amri moja, na orodha ikateremka hadi ikapita kioo. Tukaanza kuisoma kutoka juu, watoto wakiwa wametuzunguka: huyu wa saa, huyu wa sauti, huyu wa printa ambayo hata hana. Nikaweka kidole kwenye jina moja katikati na kumuuliza, na huyu je, ni wa nini?

Kijana akakuna kichwa. "Huyo hata mimi simjui, Shangazi. Ngoja nimsome."

Chai ilipoa akiwa bado anasoma.